Wa Mwisho Kunywa El Gudud

Aliyesababisha kifo cha ayeyo wangu Dahabo, mama mzazi wa mama yangu, ni Ugas Hirsi, aliyekuwa mfalme wa ukoo wetu na mwangalizi wa visima vya El Gudud. Naanza na jina lake kwa sababu kwa miaka mingi limekuwa likiachwa nje ya habari hii. Taarifa ya serikali ya wakati ule ilisema mwanamke mmoja mzee alifariki kutokana na ukame. Ukame ulikuwepo, siukani. Lakini ukame haukuweka walinzi kwenye mlango wa ua, wala haukuketi kivulini ukimtazama bibi kizee akikauka mahali ambapo aliweza kusikia maji yakimwagwa. Nimefanya kazi katika ofisi za wilaya maisha yangu yote ya utumishi, nimestaafu, na najua jinsi sentensi zinavyotungwa ili mtu asionekane ndani yake. Hapa nataka mtu aonekane.

Mambo yale hunijia kwanza kwa harufu ya majani ya garas yaliyosagika mkononi, harufu kali inayowasha puani na kubaki vidoleni hata baada ya kujisugua kwa mchanga. Garas ni mti usiopukutisha majani. Nchi yote kati ya Habaswein na Diff inaweza kugeuka rangi ya jivu, migunga ikabaki mifupa mitupu, nao ukasimama peke yake na kijani chake kizito, kama mgeni asiyejua kwamba pana msiba. Wafugaji huutunza kwa sababu hiyo. Katika miaka ya kawaida hakuna anayeukata ovyo. Miaka inapokuwa mibaya, majani yake ndiyo lishe ya mwisho ya mbuzi, na mbegu zake huchemshwa kutwa nzima ili kuondoa uchungu, kisha watoto wakalishwa. Sisi tulipewa mbegu hizo msimu ule, nami nakumbuka kwamba hakuna aliyelalamika, maana kila mtoto alijua maana ya kuziona kwenye sufuria.

Visima vya El Gudud vilichimbwa na mababu zetu katika udongo mwekundu, na vilikuwa virefu kiasi kwamba wanaume walisimama ndani yake juu ya vijukwaa vilivyochongwa ukutani, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo za ngozi kutoka chini hadi juu huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Mtoto aliyelelewa pale alitambua kwa wimbo kama ni ngamia wanaonyweshwa au mbuzi. Mwangalizi wa visima alikuwa Ugas, na kazi yake kubwa ilikuwa kupanga zamu. Waliotoka mbali walitangulia, kisha wa karibu, kisha majirani, na mifugo ya Ugas mwenyewe ilikunywa baada ya wote. Hilo halikuwa hisani yake. Ndilo lililomfanya kuwa Ugas. Kwetu mfalme hatawazwi kwa taji. Hukalishwa chini ardhini, watu wakamrundikia majani mabichi kichwani na mabegani, naye hutamka mbele yao kwamba yeye na mali yake watakuwa wa mwisho kunywa. Asipotamka hivyo, majani hayo ni majani tu. Tendo hilo lilifanyika mara moja katika maisha ya Ugas, nalo lilitosha, na wengi wetu tulizaliwa, tukakua, bila kuwahi kukikaribia kichwa cha mfalme wetu.

Mwaka ninaouzungumzia mvua zilikuwa zimetukosa tena na tena. Baba alikuwa amehamisha ngamia wetu kusini, upande wa Kotile, akifuata tetesi za malisho, na nyumbani tulibaki mimi na mama yangu, hooyo, pamoja na ayeyo na mbuzi. Kaka yake mama, Abti Salat, alikuwa mmoja wa wavutaji maji pale kisimani, na kwa kuwa alikuwa na kifua kipana na pumzi ndefu, nafasi yake ilikuwa chini kabisa, miguu ndani ya tope. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba ngamia wa Ugas sasa walikuwa wakitangulia. Mwanzoni ilikuwa kwa udhuru, eti wana mimba. Baadaye walitangulia bila udhuru. Watu walinung'unika wakiwa kwenye zamu, na Abti, aliyekuwa na ulimi mwepesi, aliuliza kwa sauti kutoka ndani ya kisima ili kila mtu aliye juu asikie: "Jamani, huyu anayekunywa sasa ni wa mwisho wa jana au wa mwisho wa kesho?" Watu walicheka, kicheko kikaenea hadi kilipomfikia Ugas kivulini pake. Siku chache baadaye visima vilizungushiwa ua wa miiba, mrefu kuliko mtu mzima, ukawekewa mlango mmoja, na walinzi wenye fimbo na bunduki ya zamani wakasimama hapo.

Adhabu aliyotubunia ilitoka ndani ya mila yetu wenyewe, na hapo ndipo ukatili wake ulipofika kiasi ambacho bado kinanishangaza. Alitangaza kwamba kwa kuwa watu wameanza kumtilia shaka, basi watamtawaza upya. Kila nyumba, kila inapokuja kunywesha, ilete mzigo wa majani mabichi na kumwekea Ugas kichwani kwa mkono wake. Asiye na majani hakubali utawala, na asiyekubali utawala hana kisima. Kijani pekee kilichokuwa kimesalia katika nchi ile kilikuwa kwenye garas. Kwa hiyo tulipanda miti iliyokuwa chakula cha mbuzi wetu, tukaivua nguo kwa mikono yetu, tukabeba majani mgongoni huku mbuzi wetu wakitufuata wakililia mizigo hiyo, tukayafikisha mbele ya Ugas. Alipokea machache kichwani. Yaliyobaki walinzi waliwatupia mbuzi wake, waliokuwa ndani ya ua, wakiwa na matumbo ya mviringo.

Mimi mwenyewe nilimtawaza. Hooyo alikuwa ameumia mkono alipoteleza kutoka mtini, hivyo nikasukumwa mbele niweke majani kwa niaba ya nyumba yetu. Ugas aliinamisha kichwa bila kunitazama, kama mtu anayesubiri kinyozi. Nywele zake zilikuwa chache, zimetiwa hina hadi zikawa rangi ya machungwa, na kati yake kulikuwa na upele mbichi ambao alikuwa ameukwaruza. Alinuka samli. Niliporudi nilimnong'oneza ayeyo kwamba kichwa cha Ugas ni kama cha mtu.

"Wewe ulitaka kiwe cha nini?" akaniuliza. "Cha ngamia?"

"Kina upele, ayeyo."

"Basi umeona ulichokwenda kuona. Shika kamba, mbuzi wanapotea."

Watu huuliza kwa nini watu waliovumilia ufalme kwa vizazi huamka siku moja na kuuangusha, na jibu linalotolewa haraka ni njaa. Nimesoma jibu hilo katika ripoti nyingi na sikubaliani nalo. Njaa tuliijua. Watu wetu wanaweza kufa njaa kwa adabu kubwa, wakamzika mmoja na kuhama na wengine, bila kumnyooshea mtu yeyote kidole. Ugas Hirsi alifanya jambo ambalo njaa haiwezi kulifanya. Alimleta kila mmoja wetu, mwanamke, mzee, mtoto, hadi karibu na kichwa chake, siku baada ya siku, akatufundisha kwa vidole vyetu wenyewe kwamba utawala wake unatoka mikononi mwetu. Kabla ya hapo tulidhani unatoka mahali fulani tusipopafahamu. Hakuna mpinzani wake yeyote ambaye angeweza kutufundisha somo hilo vizuri kama alivyotufundisha yeye.

Siku ya ayeyo ilikuwa siku ambayo miti ya upande wetu ilikuwa haina kitu. Tulikuwa tumekwisha kuvuna hata vijiti vya kileleni. Hooyo aliamua kwenda kutafuta mbali, kwenye korongo ambalo wengine waliliogopa kwa sababu ya fisi, nasi akatuambia tutangulie kisimani tukashike zamu. Ayeyo hakuwa amekunywa tangu siku iliyotangulia. Maji ya mwisho ya kibuyu alikuwa amenipa mimi na mbuzi mmoja aliyekuwa ananyonyesha. Tulipofika mlangoni alifungua shuka yake akatoa majani makavu aliyokuwa ameyahifadhi kwa dawa ya tumbo, akayanyoosha mbele ya Ugas kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Hirsi mwanangu," alisema, maana alikuwa na umri wa kumwita hivyo, "nilikuwepo marehemu baba yako alipovikwa majani. Haya yapokee kwa ajili yake. Mabichi yako njiani, binti yangu anayaleta."

Ugas aliyatazama. Sauti yake ilikuwa ya upole, na nasisitiza jambo hili kwa sababu baadaye wako waliosema alikuwa amekasirika. "Ajuza, mimi sivishwi kuni," alisema. "Kaeni pale mpaka binti yako afike."

Pale palikuwa nje ya ua, juani, ubavuni mwa ukuta wa miiba. Tulikaa. Ndani tulisikia wimbo wa ndoo ukipanda, na maji yakimwagwa kwenye hori la mti, na kila yalipomwagwa mbuzi wetu waliinua vichwa vyote kwa pamoja. Abti Salat alikuwa kule chini. Sauti yake niliitambua kati ya zote, lakini aliyezama kisimani hajui nani yuko juu, nami nilipokwenda mlangoni kumwomba mlinzi amwite, aliniambia wimbo ukikatika Ugas atamkata yeye mkono. Mwanamke mmoja aliyetoka ndani na kibuyu chake alichovya ncha ya mtandio wake kwenye maji akaukamua midomoni mwa ayeyo. Mlinzi alimwona. Kibuyu kilimwagwa chini hapo hapo, mwanamke akaamriwa alete majani mengine na kurudi mwisho wa zamu, na baada ya hapo hakuna aliyetukaribia tena. Watu walipita wakiangalia miguu yao. Jua lilipokuwa katikati ya mbingu ayeyo aliacha kunijibu. Alikuwa bado ameketi wima, mgongo ukiwa umenyooka, kwa kuwa alikuwa mwanamke aliyechukia kuonekana ameegemea kitu, na majani yake makavu yalikuwa bado mapajani. Nilidhani amesinzia. Mlinzi ndiye aliyemgusa kwa fimbo, kisha akaivuta fimbo haraka na kusema "Inna lillahi."

Ugas alitoka hadi mlangoni. Alitazama, akasema maneno ambayo watu wote waliokuwa kwenye zamu waliyasikia, na ambayo wachache waliobaki hai bado wanaweza kuyathibitisha: "Mtoeni hapo mlangoni. Mbuzi wangu watashtuka."

Nililia kwa sauti iliyofika chini. Wimbo ulikatika. Ngamia wa Ugas waliacha kunywa na kugeuza shingo, kana kwamba wao pia walikuwa wamezoea kunyweshwa na sauti ile. Wavutaji walipanda mmoja baada ya mwingine, na Abti Salat akawa wa mwisho kutoka, mwekundu kwa tope hadi kifuani. Akamwona mama yake. Wakati huo huo hooyo alitokea kutoka upande wa korongo, mgongoni ana mzigo wa majani mabichi mkubwa kuliko yote niliyoiona msimu ule, miguu yake inavuja damu. Alisimama. Alitutazama, akamtazama mama yake, kisha akafungua kamba ya mzigo, akachota majani kwa mikono miwili na kuyaweka juu ya kichwa cha ayeyo. Akachota tena. Aliendelea kwa utaratibu, kichwani na mabegani, jinsi ipasavyo kufanywa.

Yule mwanamke wa mtandio akawa wa pili. Alitoka mwisho wa zamu na mzigo wake, akampita Ugas, akayaweka majani yake juu ya maiti. Kisha wakaja wote. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetoa hotuba. Walimtawaza bibi kizee aliyekufa, mmoja baada ya mwingine, hadi haonekani chini ya kijani, na Ugas Hirsi akasimama mlangoni na kichwa kitupu, akiuliza walinzi wake hawa wanafanya nini. Mlinzi aliyekuwa na fimbo aliiweka chini. Mwenzake alianza kuvuta miiba ya ua kwa mikono mitupu.

Kilichofuata kilikuwa kikatili na sitakipamba. Abti Salat alimshika Ugas bega, akamkalisha juani, pale pale ayeyo alipokuwa ameketi. "Uliapa," alimwambia. "Leo utatimiza." Alirudi chini kisimani, na wimbo ukaanza upya. Maji ya kwanza yaliyotoka yalitumika kumwosha ayeyo. Sheikh alisema kwamba wakati wa dhiki mchanga unatosha kumtayamamisha maiti, naye Abti akajibu kutoka chini kwamba mama yake amenyimwa maji akiwa hai na hatanyimwa akiwa amekufa. Baada ya maziko walikunywa waliotoka mbali, ngamia wao, ng'ombe, mbuzi. Wakanywa wa karibu. Wakanywa punda, na mbwa wa malisho. Walikunywa hata mbuzi wa Ugas, kwa kuwa watu walisema wao hawakuapa. Kila ndoo ilipopita mbele yake aliifuata kwa macho. Mwanzoni aliamrisha, kisha akakumbusha nasaba, kisha akaomba kwa jina la Mungu, na mchana ulipozidi kuinama alikuwa akitoa sauti tu. "Subiri, Ugas," watu walimwambia wakipita, kwa adabu, wakiinamisha vichwa. "Bado kuna mbuzi mmoja." Mimi nilicheka. Watoto wote tulicheka. Zamu yake ilipofika kisima kilikuwa kimekauka, na kilicholetwa ndani ya ndoo kilikuwa tope jekundu. Alilinywa. Alilinywa lote, akalamba ngozi ya ndoo, kisha akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu, na tope limemganda kwenye ndevu zake za hina.

Hakufa. Serikali ilimpokea, ikampa nyumba mjini, na alifia kitandani baada ya miaka mingi, ameshiba. Kwetu lilikuja lori la askari. Mifugo ilikamatwa kwa jumla, ya waliohusika na ya wasiohusika, na Abti Salat alichukuliwa kwa kosa la kuchochea fujo. Aliporudi hakuwa tena na kile kifua. Alikohoa hadi mwisho wake, na hakuwahi kuimba tena. Afisa aliyekuja kuchunguza alikaa nasi kwa muda wa kunywa chai, akauliza bibi alikuwa na umri gani, akaondoka na neno lake moja: ukame.

Leo El Gudud ina kisima cha kuchimbwa kwa mashine, tangi juu ya nguzo za chuma, na mabamba ya kunasa nguvu za jua. Wavutaji na nyimbo zao wamekwisha. Vijana hawawezi hata kuniambia ni wimbo upi ulikuwa wa ngamia. Lakini katika ukame wa majuzi nilipita barabara ya Habaswein, nikaona mizoga imepangwa kando ya lami, na malori ya maji yakisimama kwanza kwenye malango ya wakubwa, na akina mama wamekaa na mitungi ya manjano nje ya kuta, juani. Niliwatambua. Walikuwa wameketi jinsi tulivyoketi sisi. Tofauti ni kwamba sasa hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuapa kwao kwamba atakuwa wa mwisho.

Nimeandika haya kwa sababu mjukuu wa Ugas Hirsi anatarajiwa kutawazwa hivi karibuni, pale pale. Mtoto wa kaka yangu, Guleid, ambaye yumo katika kamati ya maandalizi, alinipigia simu mimi shangazi yake kunialika.

"Edo, tumekuwekea kiti mbele kabisa. Kutakuwa na tenti, spika, na waheshimiwa wanakuja na ndege."

"Na majani?"

"Ya mwarobaini. Yanatoka Garissa na lori, fresh kabisa."

"Nani atakuwa wa mwisho kunywa?"

Alicheka. "Edo, siku hizi hakuna mambo ya kupanga laini. Tumeagiza maji ya chupa. Kila mtu na yake."

Simlaumu kijana huyo atakayetawazwa kwa jambo lililotendeka kabla hajazaliwa. Lakini anayeomba kiti anaomba na yaliyotendwa na aliyekikalia. Kwa hiyo, kwa maandishi haya, nadai rasmi kwa jamaa ya Ugas Hirsi na kwa kamati ya utawazo kwamba Dahabo, mama wa Salat, atajwe hadharani kisimani, pamoja na jina la aliyemnyima maji na maneno aliyoyasema juu ya maiti yake. Nadai kwa ofisi ya serikali iliyorithi kazi za wilaya yetu kwamba neno "ukame" lifutwe mahali pa sababu ya kifo, iandikwe kwamba alinyimwa maji kwa amri, na hatia ya Salat ibatilishwe. Na nadai kwa mrithi mwenyewe kwamba siku hiyo aketi chini, nje, juani, bila chupa, hadi mtu wa mwisho na mnyama wa mwisho wa El Gudud wawe wamekunywa. Yote haya yatimizwe kabla jani moja halijagusa kichwa chake. Nitahudhuria. Sitakaa kwenye kiti cha mbele. Nitakaa pale ayeyo alipokaa, na nitasubiri majibu.